Simu Inamwongelesha Binti Yangu Kutwa Kucha. Maneno Yangu Yatafua Dafu?

SWALI: Mshauri, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Migosi hapa Kisumu. Binti yangu ana miaka 14, kaka yake mdogo ana 11. Jioni huwa wanatumia simu yangu kwa kazi za shule. Wiki jana nilipoichukua nikakuta video za ngono kwenye kundi la WhatsApp la wenzake darasani. Niliiweka chini, nikanyamaza, na mpaka leo sijasema kitu. Baba yao anasema nikianza kuongea na msichana mambo hayo nitamfungua macho, afadhali tumnyime simu yaishe. Mama yangu mwenyewe hakuwahi kuniambia neno, kwa hivyo hata pa kuanzia sipajui. Na nikisema kweli, dakika zangu kumi zitafua dafu mbele ya simu inayomwongelesha kutwa kucha?

JIBU: Zitafua dafu, mama. Ila usizipime kwa saa, maana kwa saa utashindwa kabla hujaanza. Hakuna mzazi Kisumu nzima anayeweza kuongea kwa wingi kama TikTok. Nguvu yako iko kwingine: wewe ndiwe unayeweza kumpa mtoto namna ya kukielewa anachokiona. Picha ikimfikia mtoto haijui ni nani anaitazama wala itamkuta na nini moyoni. Maana yake huipata kwa yale aliyokwisha kuyasikia kwa watu anaowaamini, na kama hajasikia chochote, atachukua maana ile ile iliyokuja na picha.

Mwaka 2005, Jane Brown wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wasichana wanaovunja ungo mapema kuliko wenzao. Waliona kwamba wasichana hao ndio waliopenda zaidi kutazama mambo ya mapenzi kwenye filamu, runinga na majarida, na ndio waliokuwa wepesi kuona kwamba vyombo hivyo vinawapa ruhusa vijana ya kufanya ngono. Tazama inavyotokea. Mwili umetangulia, wenzake darasani bado ni watoto, nyumbani hakuna anayesema kitu, basi anatafuta mkubwa mwingine wa kumuuliza. Runinga inakuwa yule rafiki wa darasa la juu anayejua kila kitu. Leo rafiki huyo yuko ndani ya simu, na hachoki.

Sasa tazama kinachotokea mtu mzima akiingilia kati. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, watafiti wa shirika la utafiti la RAND, huko huko Marekani, waliwapigia simu vijana waliokuwa wakifuatilia kipindi kimoja maarufu cha vichekesho. Katika sehemu moja ya kipindi hicho mwanamke anapata mimba ingawa yeye na mwenzake walitumia kondomu, na wahusika wanataja mara ngapi kondomu inafanya kazi. Vijana waliozungumza na mtu mzima kuhusu sehemu hiyo walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kukumbuka habari ile ya kondomu. Kipindi kilikuwa kimoja kwa wote. Kilichokuwa tofauti ni kwamba kuna waliokuwa na mtu wa kuongea naye.

Sitaki kutia chumvi. Mwaka 2016 Laura Widman na wenzake walikusanya tafiti 52 zenye vijana zaidi ya 25,000, wakauliza kama mazungumzo na wazazi yanaendana na vijana kutumia kinga. Jibu lilikuwa ndiyo, lakini kwa kiasi kidogo. Kiasi hicho kiliongezeka kwa wasichana, na kiliongezeka pia pale ambapo mzungumzaji alikuwa mama. Kwa hivyo mazungumzo si chanjo. Ni kitu kidogo ambacho kimeonekana katika tafiti moja baada ya nyingine, na wewe una binti, nawe ni mama yake. Uko mahali ambapo maneno yana uzito zaidi.

Hofu ya baba yao naiheshimu, kwa sababu anatoka kwenye mila yenye akili yake. Kwa Waluo wa zamani, mama hakumfundisha binti mambo haya. Wasichana walilala siwindhe, nyumba ya pim, bibi mzee, na yeye ndiye aliyewaambia habari za mwili, za wanaume, za lini ukatae na namna ya kukataa. Wavulana walikuwa na simba yao, yaani kibanda cha vijana wa kiume, na wazee walikuwa na duol, nyumba yao ya mazungumzo. Kwa Waluhya nako, shangazi na nyanya walikuwa na nafasi hiyo. Kwa hiyo mama yako alipokaa kimya hakukutupa. Alikuwa anafuata utaratibu ambao ulimpa mtu mwingine kazi hiyo. Shida ni kwamba mtu huyo ameondoka na kazi imebaki. Nyanya yuko Asembo au Butere, binti yako yuko nyumba ya kupanga Migosi, na nafasi ya pim imeshikwa na kundi la WhatsApp. Watu wengi huku kwetu wakisema "si mila yetu kuongea na watoto ngono" wanasahau kwamba mila ilihakikisha kuna anayeongea nao, tena waziwazi, kabla hawajaolewa.

Kama kuna shangazi yake mnayeaminiana, mlete. Mwalike likizo hii, mpe chakula, mwambie unachotaka asaidie. Lakini usimwachie yote. Shangazi atakuja Agosti na Desemba. Simu iko hapo kila jioni.

Kuhusu kumfungua macho: mama, yamefunguka. Umeyaona mwenyewe kwenye simu. UNESCO ilipokusanya tafiti za nchi nyingi kwa ajili ya mwongozo wake wa mwaka 2018, ilionekana kwamba elimu ya masuala ya ngono haiwafanyi vijana kuanza mapema. Kinachoumiza ni kuchelewa. Huko Marekani, Megan Beckett na wenzake waliwafuatilia wazazi na watoto wao, wakachapisha matokeo mwaka 2010: zaidi ya asilimia 40 ya vijana walikuwa wameshafanya ngono kabla mzazi hajagusia dalili za magonjwa ya zinaa, matumizi ya kondomu, au afanye nini mwenzake akikataa kondomu. Wazazi walikuwa na nia ya kuongea, ila walikuwa wakingoja siku inayofaa. Kuna jambo hapa ambalo huwachanganya watu hata wanaposoma tafiti. Mara nyingi mzazi huanza kuongea akishamshuku mtoto, halafu mtu akitazama kutoka nje anaona watoto walioongeleshwa ndio walioanza, anasema mazungumzo ndiyo yaliyoharibu. Ni kama kusema hospitali inaleta homa kwa sababu waliomo wote wana homa.

Na huku kwetu kuchelewa kuna bei kubwa. Utafiti wa taifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa watu wa miaka 15 hadi 64 nchini kuwa asilimia 4.9. Kisumu ilikuwa 17.5, Homa Bay 19.6. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 nao ulikuta kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Kenya walikuwa wameshawahi kushika mimba. Binti yako yuko mwaka mmoja kabla ya umri huo.

Nikutie moyo na jambo lililofanyika karibu nawe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, waliuchukua mpango wa wazazi kutoka Marekani, wakaubadilisha uendane na watu wa Asembo, kule Siaya, wakauita Families Matter. Ulikuwa wa wazazi wenye watoto wa miaka 9 hadi 12, yaani kabla mambo hayajaanza. Walikutana kila wiki, wakajifunza kumsikiliza mtoto, kumsifu, kumwekea mipaka, kisha kuzungumza naye kuhusu kubalehe na ngono. Wengi wao ni watu waliolelewa kama wewe, bila neno. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba mwaka mmoja baadaye wazazi walikuwa wanaongea zaidi na watoto wao, na watoto walipoulizwa kando walisema hivyo hivyo. Mpango huo ukaenda nchi nyingine za Afrika. Ulianzia kwa wakulima na wavuvi wa Nyanza, kwa hivyo asikwambie mtu kwamba haya ni mambo ya wazungu na watu wa Nairobi.

Turudi kwenye simu iliyo mezani. Kwanza fungua lile kundi tena ukiwa peke yako, uone ni video gani. Kama ni ya mtoto, au ya mwanafunzi wanayemjua, hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu au kwa mume wako "ili aone". Andika jina la kundi na namba iliyoituma, kisha uripoti polisi au upige 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Ukishapewa maelekezo, hakikisha haibaki kwenye simu. Kama ni video za watu wazima zinazozunguka tu mtandaoni, mtoe kwenye kundi hilo, lakini mwambie unamtoa na kwa nini. Asigundue mwenyewe.

Kisha ongea naye. Usimwite sebuleni akae mbele yako kama yuko kwa chifu. Watoto wa umri huo huongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Mkiwa mnachambua mboga ya osuga au mnaosha vyombo, mwambie hivi: "Ile siku niliona video kwenye simu. Sijakasirika. Najua huenda hukuitafuta wewe. Uliionaje?" Halafu nyamaza. Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa: kimya kinawatisha, wanakijaza kwa mahubiri, na mtoto anafunga mlango. Hesabu polepole moyoni mpaka ufike ishirini. Akisema "sijui", mwambie, "Sawa. Hata mimi mara ya kwanza kuona kitu kama hicho nilishtuka," kama ni kweli ulishtuka. Akicheka, mwache acheke. Ni aibu hiyo.

Ukipata nafasi, mwambie ukweli kuhusu video zenyewe. Mwambie wale ni watu wanaolipwa, picha zimekatwa na kuunganishwa. Katika video nyingi za namna hiyo hakuna anayemuuliza mwenzake kama anataka, kondomu huzioni, na hakuna anayehesabu siku kungoja hedhi. Mwambie mapenzi ya watu wanaoheshimiana hayafanani na yale. Na umwambie kwamba mvulana aliyejifunza kwa video zile anaweza kuja na matarajio hayo, naye ana haki ya kukataa bila kutoa sababu.

Usikomee kwenye hatari. Binti akisikia mimba, Ukimwi, aibu, na hakuna kingine, atajua kwamba wewe ni mtu wa kuogopwa, na siku akiwa na tatizo atampelekea rafiki yake. Mweleze mzunguko wake wa hedhi. Mwambie mimba hushika hata mara ya kwanza, kwa sababu wenzake watamwambia haishiki. Mwambie kondomu ni nini na inazuia nini. Na kama imani yako inakutaka umwambie asubiri, mwambie bila kusitasita: "Natamani usubiri, na sababu zangu ni hizi." Kumwambia asubiri na kumwambia ukweli kuhusu kinga ni mambo mawili yanayokaa nyumba moja bila kugombana. Watoto wanajua mzazi anapowaficha kitu.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi ya zile video ni vitu mnavyotazama pamoja bila mtu kutetemeka. Panda matatu kutoka Kondele hadi mjini saa kumi na moja jioni, skrini iko juu ya dereva, na wimbo una msichana asiye na jina wala neno la kusema, ni kiuno tu kinachozunguka mbele ya mwanamume mwenye gari. Abiria wamechoka, kuna mama mwenye kikapu cha nyanya, kuna watoto wa shule, na hakuna anayeona ajabu. Rudi nyumbani, fungua tamthilia ya saa moja. Tajiri anampenda msichana, msichana anasema hapana, anamfuata kazini, anasema hapana, anamshika mkono kwa nguvu, mwishowe msichana analia na kumkumbatia, na sisi sote sebuleni tunafurahi wameoana. Binti amejifunza nini kuhusu neno hapana? Na kijana wako wa miaka 11 aliyelala kwenye kochi je?

Nataka ujue jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtafiti Amy Nathanson wa Marekani alichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu namna wazazi wanavyosimamia runinga kwa vijana. Waliotazama pamoja na watoto wao bila kusema kitu, watoto wao walikuwa wepesi zaidi kuyakubali mambo yaliyokuwa kwenye skrini. Mtoto anauhesabu ukimya wako kama ruhusa. Na waliokataza kwa ukali mno, watoto wao hawakuwa na hisia nzuri sana kwa wazazi hao, na walielekea zaidi kuyatazama na marafiki.

Kwa hiyo usizime tamthilia. Sema sentensi moja, kisha uulize swali moja. "Huyu jamaa ameambiwa hapana mara tatu. Angekuwa mtu wa hapa mtaani ungesema anampenda?" Mwisho. Matangazo yakiisha endeleeni kutazama. Kesho kutwa utapata nafasi nyingine. Dakika zako kumi usizimwage siku moja. Zigawe, nusu dakika leo, dakika moja Jumamosi mkitoka kanisani, dakika mbili siku atakayokuja mwenyewe na swali, maana atakuja.

Zungumzeni pia habari za pesa. Kwenye TikTok kuna mafunzo yasiyoisha kwamba msichana mjanja ni yule mwenye sponsa, yaani mwanamume anayempa pesa na vitu ili apate mapenzi. Huku kwetu sponsa si lazima awe tajiri. Ni mtu wa boda boda anayembeba bure kutoka shule, ni mwenye kibanda anayemwekea bando, ni anayemnunulia sodo kwa sababu nyumbani aliona haya kuomba. Muulize kama kuna anayempa vitu. Mwambie ukweli wa sheria: kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, mtu akifanya ngono na mtoto wa miaka 12 hadi 15 kifungo chake si chini ya miaka 20, na kusema "alikubali" hakumsaidii. Kisha hakikisha sodo zipo nyumbani bila yeye kuomba. Hayo nayo ni mazungumzo.

Simu yenyewe iwekeeni utaratibu. Isilale chumbani kwa watoto, iwe ya kazi za shule mpaka saa fulani, mitandao ya kijamii asubiri umri wake. TikTok wenyewe wanasema miaka 13, kwa hivyo yule wa 11 hana ruhusa hata kwa kanuni zao. Lakini kumnyima simu na kunyamaza, kama baba yao anavyotaka, kutamfundisha kitu kimoja tu: safari ijayo afiche vizuri. Wenzake wana simu, na bando la bei ndogo halikosekani.

Hukuniuliza kuhusu kijana, ndiyo maana namtaja. Wazazi hukimbilia binti kwa sababu mimba huonekana. Kijana hupata video hizo hizo, wakati mwingine akiwa mdogo zaidi, na hakuna anayemwambia kwamba ndoto za usiku na mwili kubadilika ni kawaida, wala kwamba msichana si kitu cha kujaribia nguvu. Hapa ndipo baba yao anapohitajika. Usimwambie, "Saidia kuongea na watoto ngono," maana atakimbia. Mwombe jambo moja dogo: wakitazama mpira pamoja na tangazo au wimbo wa aina ile ukapita, aseme neno moja, kwamba mwanamume hamfanyii mwanamke hivyo. Kijana wa miaka 11 akilisikia kwa baba yake litamkaa kuliko nikilisema mimi kwa mwaka mzima. Na binti naye anahitaji kumsikia baba yake akisema anampenda na atamsikiliza lolote likimpata. Wasichana wengi huficha kwa sababu wanaogopa baba atasema nini.

Jambo la mwisho, na ujiandae nalo kabla hujafungua mdomo: huenda ukianza kuongea akakwambia kitu kikubwa kuliko video. Kwamba kuna mtu alimgusa, au alimlazimisha. Usipige kelele, usimuulize alikuwa amevaa nini au alikwenda huko kufanya nini. Mwambie, "Nakuamini, si kosa lako." Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, asioge wala kubadilisha nguo, kama amekwisha kubadilisha, nguo zile zibebwe kwenye mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya siku tano. Kwa zote, mapema ni bora. Fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, na kuripoti polisi vitafuata, tiba haisubiri hayo. Namba 116 ni ya watoto, haina malipo, na inapokelewa usiku na mchana. Iandike ukutani jikoni, na umwonyeshe na mdogo wake.